Nyasi Zikibaki Ngazi Ngazi, Usianze na Spana

Katika sehemu za Uganda zilizo karibu na Ziwa Victoria mvua kubwa hunyesha mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Sikukuu yetu kubwa ya taifa imeangukia ndani ya majira hayo ya pili. Tarehe 9 Oktoba, ambayo mwaka 1962 bendera ya Uganda ilipandishwa Kololo kwa mara ya kwanza, huja wakati nyasi zinakua usiku na mchana. Ndiyo maana kila mwaka, wiki chache kabla ya siku hiyo, kambi nyingi za jeshi na vituo vingi vya polisi huwa na kazi mbili kwa pamoja: kulinyosha gwaride, na kuzishinda nyasi za uwanja ambao gwaride hilo litapita.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mikono mitupu. Askari walipangwa mstari mmoja asubuhi, kila mmoja na slasha yake, na fatiki ikaendelea mpaka jua la adhuhuri. Leo vipo vikosi na vyuo vyenye trekta dogo la kukatia nyasi, lile ambalo dereva huliketia kama anavyoketi juu ya trekta la shambani. Kazi ya kikosi kizima cha slasha humalizwa na mtu mmoja kabla ya chai ya saa nne. Lakini ndugu zangu wengi waliokabidhiwa mashine ya namna hii watakubaliana nami kwamba ipo siku hupita ikaacha uwanja umeharibika kuliko ulivyokuwa: hapa nyasi fupi mpaka udongo unaonekana, pale ndefu, na katikati mistari kama matuta ya viazi.

Siku hiyo lawama huanza kutembea. Dereva husema mashine imezeeka. Fundi husema dereva hajui kazi. Karani wa bohari huanza kuandika barua ya kuomba mashine mpya. Na mara nyingi hutokea mtu mwenye bidii kuliko subira, akachukua spana na kuanza kukaza na kulegeza nati zilizo mbele yake, akitumaini kwamba mambo yatajinyosha.

Makala haya yana neno moja la kuwaambia hao wote. Kasoro ya kukata visivyo sawa kwa kawaida ni ndogo, na chanzo chake hupatikana kwa kufuata utaratibu, kuanzia ardhini kwenda juu. Anayeanza na nati za kusawazisha huifunika kasoro bila kuiondoa, na kasoro iliyofunikwa ina hatari zake. Kisu kilichopinda ambacho leo kinaharibu nyasi chaweza kesho kuvunjika na kuruka. Na askari aliyeadhibiwa kwa uzembe huenda akawa hana kosa lolote, kosa likawa ni la tairi lililopungua upepo.

MASHINE HII HUKATAJE?

Hapana budi kwanza kuelewa namna mashine inavyofanya kazi. Mashine ya kwanza ya kukatia nyasi ilibuniwa Uingereza na Edwin Budding, fundi mitambo wa karibu na mji wa Stroud, aliyepata hataza yake mwaka 1830. Katika viwanda vya nguo vya eneo hilo kulikuwa na mtambo wa kupunguza manyoya ya kitambaa cha sufu kwa visu vilivyopangwa kuzunguka mfano wa pipa. Budding aliona kwamba kilichoweza kunyoa kitambaa kingeweza pia kunyoa bustani. Visu vya mashine yake vilipita juu ya ubapa wa chuma uliotulia, vikakata kama mkasi.

Trekta dogo tulilonalo kambini hukata kwa njia nyingine kabisa. Chini ya tumbo lake limening'inizwa sinia kubwa la chuma lililofudikizwa, ambalo mafundi huliita deki. Ndani ya deki mna visu viwili au vitatu, kila kimoja kimefungwa kwenye mhimili wake uliosimama wima, na vyote huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini. Hapana ubapa wa pili wa kusaidia. Kisu huupiga unyasi kwa kasi kama panga linavyokata mgomba, na unyasi hukatika kwa sababu haupati nafasi ya kuinama.

Kasi hiyo si ya mchezo. Kisu chenye urefu wa sentimita 53 kinachozunguka mara 3,400 kwa dakika, ncha yake hukimbia kiasi cha mita 94 kwa sekunde, yaani kilomita 340 hivi kwa saa. Viwango vya usalama vya Marekani huweka mpaka wa futi 19,000 kwa dakika, ambazo ni mita 96 na ushei kwa sekunde. Kwa hiyo kisu cha mashine iliyo nzima hufanya kazi karibu kabisa na mpaka huo.

Kutokana na maelezo haya twaweza kuona mambo manne ambayo yakitimia nyasi hukatwa sawa: kisu kiwe kikali, kizunguke kwa kasi yake kamili, hewa ndani ya deki ipite bila kizuizi ili isimamishe nyasi, na deki ikae kwa usawa unaotakiwa. Moja likikosekana, nyasi zitatoa ushahidi.

SOMA USHAHIDI KABLA YA KUGUSA CHUMA

Ndugu zetu wa polisi wanajua kwamba mpelelezi hamkamati mtu kabla hajaitazama sehemu ya tukio. Hapa sehemu ya tukio ni uwanja wenyewe.

Swali la kwanza ni hili: je, kasoro ni ya ardhi au ni ya mashine? Chagua sehemu yenye kasoro, kisha ikate upya kwa kukingama na njia uliyopita mara ya kwanza. Ikiwa mahali palipobaki vibaya ni pale pale, tazama ardhi. Huenda kuna shimo la mlingoti wa zamani, kichuguu kilichosawazishwa nusu, au nyayo za buti zilizokauka baada ya gwaride la mvua. Hakuna mashine iwezayo kupiga pasi ardhi. Lakini kasoro ikihama na kufuata njia mpya ya mashine, basi mtuhumiwa ni mashine au anayeiendesha.

Sasa tazama umbo la kasoro. Ikiwa upande mmoja wa njia ya mashine ni mfupi na mwingine ni mrefu, deki imeinama upande. Ukikata kwa kuzunguka uwanja kwa mwelekeo mmoja, nyasi zitabaki kama ngazi. Ukikata kwa kwenda na kurudi, zitabaki kama matuta na mifereji, kwa kuwa pande ndefu hukutana na pande fupi hukutana.

Ikiwa umebaki mstari mwembamba wa nyasi zisizokatwa katikati ya njia, mahali pale pale kila mara, tazama visu. Huenda ncha zake zimelika, au mkanda unateleza, au deki imejaa uchafu. Ikiwa nyasi zina mawimbi kama maji ya ziwa, mara nyingi dereva amekwenda mbio kuliko uwezo wa visu. Ikiwa ncha za nyasi zimechanika na baada ya siku moja au mbili zikageuka kuwa kahawia, kisu ni butu. Na ikiwa vilima vidogo vimekwanguliwa mpaka udongo, deki imeshushwa mno, au magurudumu yake madogo ya pembeni yamefungwa vibaya au yamevunjika.

Andika uliyoyaona katika daftari kabla ya kusogea. Baada ya kufungua nati tatu, kumbukumbu ya mtu huanza kubadilika.

USALAMA HAUNA CHEO

Kabla mkono wa mtu haujaingia chini ya deki, mambo haya yafanywe bila kuruka hata moja, awe anayefanya ni kuruta au ni afande mwenye nyota mabegani. Zima injini. Weka breki ya kuegeshea. Chomoa ufunguo na uutie mfukoni mwako, usiuache mezani. Chomoa waya wa plagi na uuweke mbali na plagi. Ikiwa injini ni ya dizeli, ondoa waya hasi wa betri. Ngoja visu visimame kabisa na injini ipoe. Vaa glavu nene.

Ukiinua mashine kwa jeki, usiingize kichwa wala mkono chini yake kabla hujaweka magogo imara au vigingi vya chuma vya kushikilia. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Aidha, kumbuka kwamba visu viwili huunganishwa na mkanda mmoja: ukikigeuza kimoja kwa mkono, cha pili nacho hugeuka upande ambao hukitazami. Vidole vingi vimepotea kwa kusahau jambo hilo dogo.

HATUA YA KWANZA: MATAIRI

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama, lakini anza na kilicho chini kabisa, yaani tairi.

Deki imening'inia kwenye fremu, fremu imekalia ekseli, na ekseli imekalia matairi. Tairi la kulia la nyuma likipungua upepo, upande ule wote wa mashine hushuka, na deki hushuka nao. Fundi asiyepima upepo atainua deki upande wa kulia kwa spana mpaka nyasi zitoke sawa. Kesho yake mtu mwingine atalijaza tairi, na deki itainama kushoto. Hivyo ndivyo mashine nzima inavyofanywa kuwa gonjwa na mikono ya waganga wake.

Tumia geji ya upepo, wala usitumie teke la buti. Kipimo sahihi kimeandikwa katika kitabu cha mashine. Katika matrekta mengi madogo ni kati ya paundi 10 na 15 kwa inchi ya mraba, na matairi ya mbele huweza kuwa na kipimo tofauti na ya nyuma. Ni kidogo sana kuliko tairi la gari, ambalo huhitaji kiasi cha 30. Kwa hiyo askari aliyezoea kujaza Land Rover awe mwangalifu: tairi hili likijazwa kama la gari huwa gumu, hurusha deki juu ya kila kibonde, na laweza hata kupasuka. Jambo kubwa ni kwamba la kushoto na la kulia katika ekseli moja yalingane. Tazama pia kama yana ukubwa uleule. Tairi jipya upande mmoja na lililolika upande wa pili huleta kasoro ileile.

Mara nyingi kazi huishia hapa. Jaza upepo, rudi uwanjani, kata njia mbili, utazame.

HATUA YA PILI: USAFI

Ikiwa kasoro ingalipo, safisha deki kwa ndani. Nyasi mbichi zikipigwa hugandamana na chuma kama ugali ulioungua sufuriani. Umbo la deki limetengenezwa ili upepo wa visu uvute nyasi zisimame kabla ya kukatwa na kuzitupa nje baada ya kukatwa. Tabaka la uchafu lenye unene wa vidole viwili huuziba upepo huo, nyasi hulala, kisu hupita juu yake, na baada ya dakika chache huinuka tena kana kwamba zinamdhihaki dereva.

Kwangua kwa kipande cha mbao kilichochongwa ncha bapa. Maji yanaweza kusaidia, lakini usielekeze bomba lenye nguvu kwenye mihimili ya visu, maana maji yakiingia kwenye beringi hutoa grisi na kuacha kutu. Kazi hii ifanywe kila baada ya kukata, nyasi zingali laini. Zikikauka, mtu mmoja hugeuka kuwa mhunzi.

HATUA YA TATU: VISU

Deki ikiwa safi, visu huonekana vizuri. Vitazame kwa zamu.

Kwanza ukali. Makali ya kisu cha mashine hayahitaji kuwa ya wembe; makali membamba mno hukunjika kwa kokoto ya kwanza. Yanahitaji kuwa safi, yasiyo na mapengo, na yafuate pembe iliyowekwa na kiwanda, ambayo mara nyingi ni kiasi cha nyuzi 30. Kifungue kisu, kibane kwenye jiriwa, ukinoe kwa tupa au kwa jiwe la umeme, ukipitisha juu ya makali ya asili tu. Ukitumia jiwe la umeme, pumzika mara kwa mara. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kimeungua; hakitashika makali tena. Mafundi wengi hushauri visu vitazamwe baada ya kila saa 25 za kazi, na mapema zaidi penye mchanga.

Pili uzito. Kisu kilichonolewa upande mmoja kuliko mwingine hutetemeka, na mtetemeko huo huila beringi. Piga msumari ukutani, tundika kisu kwa tundu lake la katikati, ukiache. Kikilala sawa, ni kizima. Upande mmoja ukishuka, punguza chuma upande huo kidogo kidogo mpaka vilingane.

Tatu unyofu. Kabla ya kukifungua kisu, kigeuze ncha yake moja ielekee pembeni, upime kutoka ncha hiyo hadi sakafuni. Kisha kigeuze nusu duara, ncha ya pili ifike mahali palepale, upime tena. Tofauti ikizidi milimita 3, kuna kitu kimepinda. Je, ni kisu au ni mhimili? Funga kisu kingine unachojua kimenyooka, upime upya. Tofauti ikiondoka, kisu cha kwanza ndicho chenye kosa. Ikibaki, mhimili umepinda, na kazi hiyo ipelekwe karakana.

Kisu kilichopinda hakinyoshwi kwa nyundo. Narudia: hakinyoshwi. Chuma kilichopinda kikanyoshwa huwa na ufa usioonekana, nacho kitazunguka kwa kasi niliyoitaja mbele ya miguu ya mtu. Kivunjwe mbele ya shahidi, kiandikwe katika daftari la bohari, na kipya kiombwe. Vivyo hivyo kwa kisu ambacho bawa lake la nyuma, ile sehemu iliyokunjwa kuelekea juu, limelika na kuwa jembamba. Bawa hilo ndilo linalovuta hewa. Wakati wa kufunga, bawa litazame juu kuelekea deki. Kisu kilichofungwa kichwa chini hupiga nyasi kwa mgongo. Bolti ikazwe kwa kipimo cha kitabu, wala si kwa nguvu za aliyeshinda mashindano ya kuvuta kamba.

HATUA YA NNE: MIHIMILI NA MKANDA

Shika kisu kwa ncha zake mbili, ukiwa umevaa glavu, ujaribu kukiyumbisha juu na chini. Kisiwe na mchezo. Kikicheza, beringi zimekwisha, na hakuna kusawazisha kutakakosaidia. Kizungushe polepole usikilize: mkwaruzo ni dalili ileile.

Kisha tazama mkanda. Ulionyauka, uliopasuka au uliolegea huteleza kwenye puli, visu hupoteza kasi penye nyasi nene, na nyasi hubaki ndefu hasa pale zilipokuwa nyingi. Buti la gwaride likimeta ubavuni ni sifa. Mkanda ukimeta ubavuni ni ugonjwa, kwani umeungua kwa kuteleza. Badilisha kwa mkanda wa namba iliyo katika kitabu. Wa kukisia, ukizidi urefu hata kidogo, utaleta ugonjwa uleule ukiwa mpya.

HATUA YA TANO: SASA SPANA

Ikiwa matairi yamelingana, deki ni safi, visu vimenyooka na mihimili haichezi, basi sasa, wala si kabla ya hapo, deki ipimwe.

Weka mashine juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa. Usiamini jicho, weka pimamaji juu ya ubao mnyoofu uthibitishe. Shusha deki kwa mkono wake mpaka kimo cha kawaida cha kukatia. Vitazame vyuma vinavyoishikilia deki pande zote: pini iliyolika, tundu lililopanuka, au mkono uliopinda kwa kugonga kisiki. Chochote kilichoharibika kitengenezwe kwanza.

Usipime kutoka kwenye ukingo wa deki. Ukingo huo ni bati lililokwisha kugonga mawe na miti, nao huenda umekunjwa hapa na pale. Kinachokata ni kisu, na kisu ndicho kipimwe. Geuza visu vielekee kushoto na kulia. Pima ncha ya nje ya kisu cha kushoto hadi sakafuni, kisha ncha ya nje ya kisu cha kulia. Tofauti isizidi milimita 3. Ikizidi, tafuta nati ya kurekebisha kwenye kiungo kinachoinua deki. Katika mashine nyingi iko upande mmoja, na kitabu kitakuonyesha. Igeuze kidogo, pima. Kidogo tena, pima. Vipande vinne vya mbao vyenye unene uliolingana vikiwekwa chini ya deki husaidia kuishikilia wakati wa kazi.

Ukimaliza upande kwa upande, geuza visu vielekee mbele na nyuma. Hapa usitafute usawa kamili. Ncha ya mbele inatakiwa iwe chini kuliko ya nyuma kwa milimita 3 hadi 6 katika mashine nyingi, na kitabu ndicho chenye neno la mwisho. Sababu yake ni kwamba kisu kinatakiwa kikate mara moja kinapopita mbele. Ncha ya nyuma ikiwa chini, hukata upya nyasi zilizokwisha kukatwa, injini hulemewa, na uwanja hupata mapigo mawili yasiyolingana. Mwisho, kaza nati za kufungia, kisha tazama magurudumu madogo ya deki. Mashine ikiwa sakafuni, kwa kawaida huelea kidogo juu ya ardhi. Kazi yake ni kuokoa deki penye kilima, wala si kuibeba.

DEREVA NAYE APIMWE

Hata mashine iliyosawazishwa kwa milimita huharibu kazi mikononi mwa mwenye haraka. Injini iendeshwe kwa kasi yake kamili wakati wa kukata, na magurudumu yaende polepole. Wengi hufanya kinyume: hupunguza injini ili kuokoa mafuta, kisha hukimbiza mashine ili wamalize mapema. Nyasi zisikatwe zingali na umande au mvua. Zisipunguzwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Zikiwa zimerefuka sana, zikatwe mara mbili, siku tofauti. Kila safari ya mashine ipande kidogo juu ya ile iliyotangulia, na kila wiki mwelekeo ubadilishwe ili magurudumu yasichimbe mifereji.

Kabla ya kuwasha, uwanja utembelewe kwa miguu. Viwanja vyetu si bustani za kawaida. Huwa na vigingi vya mahema, vipande vya waya, maganda ya risasi, kokoto za barabara. Kila kimoja hupinda kisu, na kila kimoja kikirushwa kwa kasi ile huwa ni silaha. Eneo lililowahi kuwa uwanja wa shabaha lisiingiwe na mashine mpaka wataalamu waseme ni salama. Penye mteremko, trekta dogo lipande na kushuka moja kwa moja, lisipite kwa kukingama, na mteremko unaozidi nyuzi 15 uachiwe slasha.

Na zaidi ya yote, kambi zetu ni makazi ya familia. Watoto huipenda mashine hii, huikimbilia, huomba kupandishwa. Hapana mtoto wa kupandishwa, hata wa mkuu wa kikosi. Mashine isirudishwe nyuma visu vikiwa vinazunguka, na mtoto akiingia uwanjani, injini izimwe. Nyasi zaweza kungoja.

DAFTARI MOJA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila kikosi chenye mashine ya namna hii kingefanya vyema kuipa daftari moja, lenye safu tano tu: tarehe, saa za kazi, upepo wa matairi, hali ya visu, na jina la aliyeikagua. Daftari hilo litamlinda dereva anayelaumiwa bila haki, litamwonyesha afande ni lini hasa kasoro ilianza, na litamzuia karani kuomba mashine mpya kwa ugonjwa wa tairi moja.

Kazi yote niliyoieleza, ikiwa hakuna kipuri cha kununua, haidai zaidi ya nusu siku ya mtu mmoja na msaidizi wake. Vifaa vyake ni geji ya upepo, futi, pimamaji, tupa, jeki na magogo yake, spana chache, msumari ukutani na vipande vinne vya mbao. Karakana nyingi za kambini zinavyo vyote. Oktoba haijafika, na mvua hazijaanza kuchanganya. Huu ndio wakati wa kuinama.